Sauti nne: majibu kwa watunzi wa kwaya

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya upangaji wa sauti. Nayajibu kwa solfa, maana ndiyo wengi wetu tuliyoanzia. Na nikisema kodi, ni ile ya do-mi-sol zikilia pamoja, si ile ya TRA.

*Shikamoo mwalimu. Wimbo wangu umerudishwa na mwalimu wa kwaya una duara nyekundu kila mahali, kaandika "tano sambamba". Ametia duara hata pale besi inapotoka fa kwenda sol na soprano do kwenda re. Mbona kwenye kinanda unasikika vizuri? (Iringa)*

Marahaba. Hesabu kwa vidole: fa, sol, la, ti, do. Hizo tano. Sasa sol, la, ti, do, re. Tano tena. Besi na soprano wako wamepanda ngazi wameshikana mikono, na masikio yanawapokea kama mtu mmoja mwenye sauti nene. Umelipia sauti nne, ukapata tatu. Kinanda kinakuficha hilo kwa sababu sauti zake zote zina rangi moja. Waweke watu wanne wasimame, utalisikia.

Dawa yake ni ya kizamani na haijawahi kushindwa hapo: besi ikipanda, wengine wote washuke. Soprano atoke do aende ti, alto atoke la aende sol, na tena (yaani sauti ya tatu) atoke fa aende re. Iimbe hiyo sasa hivi, kila sauti peke yake. Tena ndiye pekee aliyeruka, naye kavuka nota moja tu, mi. Hakuna atakayekulalamikia.

*Babu zetu huku Dodoma wanaimba sambamba tangu enzi, na inapendeza. Kwa nini tufuate sheria za Wazungu?*

Swali zuri, na sitalikwepa. Uimbaji wa Wagogo una mfumo wake, na sauti kutembea sambamba kwa nne na kwa tano ndiyo ladha yenyewe. Msikilize marehemu Hukwe Zawose, mwimbaji wao, kisha uniambie nani atathubutu kumsahihisha kwa kalamu nyekundu. Sheria ya tano sambamba haisemi kwamba mlio huo ni mbaya. Inahusu mtindo mmoja, ule wa kina Bach, mtunzi wa Kijerumani, ambao unataka kila sauti iwe na mwendo wake. Ukitunga kwa mtindo wa Kigogo, zitumie kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa makusudi. Kinachoudhi ni wimbo unaokwenda kikanisa beti zima, halafu sambamba moja inachomoza katikati kama jino la dhahabu. Hapo msikilizaji anajua ulipitiwa.

*Ti nimewapa soprano na tena pamoja. Kuna ubaya?*

Upo. Ti inavutwa na do. Wakiitii wote wawili, umepata nane sambamba. Mmoja akikaidi, ataonekana kapotea. Mpe mmoja tu, mwingine mpe sol au re.

*Natumia MuseScore, programu ya kuandikia nota, inacheza wimbo wote bila shida, lakini wanakwaya wanasema haushikiki. (Nakuru)*

Kompyuta haina koo. Niliwahi kumwandikia tena la ya juu, akae nayo mistari miwili, na kwenye programu ilikuwa tamu ajabu. Siku ya Pasaka wale vijana walifika mstari wa pili mishipa imetoka shingoni, wa tatu wakahamia sauti ya kwanza bila kuniaga. Kwa waimbaji wa kawaida, soprano asipande zaidi ya sol iliyo juu ya do ya tano ya piano, na besi asishuke zaidi ya mi ya pili (hapa nazungumzia ufunguo wa C). Hata ndani ya mipaka hiyo, usiwaache pembeni muda mrefu. Pia, kati ya soprano na alto pasizidi oktavu, na kati ya alto na tena vilevile. Besi peke yake ndiye anayeruhusiwa kujitenga.

*Nifanye mazoezi gani nyumbani? Sina mwalimu, na kinanda ni cha kanisa.*

Kinanda si lazima. Chukua wimbo wowote wa sauti nne kwenye kitabu chenu, funika alto na tena kwa karatasi, ubaki na soprano na besi. Jaza mwenyewe hizo mbili za katikati kwa penseli. Nota ambayo kodi mbili zinazofuatana zinaichangia, iache kwenye sauti ileile. Zinazobaki zisogee mahali pa karibu zaidi. Kisha funua ulinganishe. Mistari minne kwa siku inatosha.

Ukizoea, funika na besi. Hapo ndipo penye kazi, kwani besi ndiye anayeamua wimbo unakwenda wapi. Nyimbo za Bach za namna hii zipo zaidi ya 370. Zilichapwa Leipzig kati ya 1784 na 1787, zaidi ya miaka thelathini baada ya yeye kufa, na hazina haki miliki ya mtu. Utakuta mahali ambapo yeye kafanya tofauti kabisa na wewe. Usikimbilie kufuta yako. Imba alto yake, halafu imba ya kwako. Mara nyingi utakuta ya kwako imekaa kwenye sol kama mgonjwa kitandani, wakati yake imeshikilia do juu ya besi ya sol, ikang'ang'ania pale inapokwaruza, ndipo ikashuka ti. Kitu kidogo hivyo, na akina mama wa sauti ya pili watakupenda.