Makelele Yenye Mizani: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Bendi ya Thrice

Mwezi uliopita niliandika katika safu hii kwamba, miongoni mwa bendi za posti-hadikoo zilizoibuka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, sijaona iliyoyatunza mahadhi yake kwa bidii kama Thrice ya California. Maswali yaliyonifikia baada ya hapo ni mengi, na baadhi yanafanana. Nimechagua machache yanayogusa safari ya bendi na namna inavyoutunga muziki wake.

Posti-hadikoo ni muziki gani hasa, na unawezaje kuitwa wa mahadhi ilhali waimbaji wanapiga mayowe?

Hadikoo ni tawi la muziki wa panki, yaani roki ya kasi na ya uasi, lililokomaa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nyimbo zake zilikuwa fupi, mwendo wake wa kasi, magitaa yake yenye mkwaruzo mkali, na mwimbaji wake alifoka zaidi ya kuimba. Kufikia katikati ya muongo huo, baadhi ya vijana waliokulia ndani ya muziki huo, hasa katika jiji la Washington, waliona kwamba ukali peke yake haukutosha kubeba kila hisia waliyokuwa nayo. Bendi ya Rites of Spring, waliotoa albamu yao mwaka 1985, na baada yao bendi ya Fugazi, walibaki na nguvu ile ile lakini wakaongeza vituo vya ukimya, mabadiliko ya mwendo na maneno yanayoichimba nafsi ya mtu. Huko ndiko posti-hadikoo ilikochipuka.

Tawi la mahadhi lilikuja kuwa na nguvu zaidi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ndani yake mayowe hayachukui nafasi ya wimbo, bali huja pale ambapo mwimbaji amefika mwisho wa kile ambacho sauti ya kawaida inaweza kusema, kisha wimbo hurejea kwenye kiitikio ambacho msikilizaji ataondoka nacho akikivumisha njiani. Kwa hiyo wanaosema kwamba muziki huu ni fujo tupu hawajausubiri ufike kwenye kiitikio.

Bendi hii ilianzaje, na mbona ina jina la ajabu linalomaanisha "mara tatu" wakati wanamuziki ni wanne?

Ilianza mwaka 1998 huko Irvine, katika wilaya ya Orange, kusini mwa California. Dustin Kensrue, ambaye huimba na kupiga gitaa, alifahamiana na mpiga gitaa Teppei Teranishi shuleni. Teranishi naye alikutana na Eddie Breckenridge, mpiga gitaa la besi, kwenye uwanja wa kuchezea ubao wa magurudumu, na Eddie akamleta ndugu yake Riley apige ngoma. Jina lilikuwa mzaha wa ndani ambao walilazimika kuutumia kwa sababu onyesho lao la kwanza lilikuwa limekaribia na hawakuwa na jina jingine. Watu wakalizoea, nao wakabaki nalo, kwa hiyo msitafute hesabu ndani yake.

Wanamuziki hao wanne ndio hao hao hadi leo. Katika muziki ambao bendi hubadilisha mpiga ngoma kama mtu anavyobadilisha shati, jambo hilo lina uzito mkubwa, na ninaamini ndilo lililowapa ujasiri wa kubadilika sana bila kupotezana.

Mtu anayesikiliza albamu zao za mwanzo asikilize nini? Mimi nasikia kasi tu.

Asikilize magitaa mawili. Katika Identity Crisis, ambayo ilitoka kwanza mwaka 2000, na hasa katika Illusion of Safety ya mwaka 2002, Kensrue na Teranishi mara nyingi hawapigi kitu kimoja. Gitaa moja hushika mdundo mzito, na la pili huenda juu yake na noti za mbio zilizoazimwa kutoka kwa bendi za metali, yaani roki nzito, kama Iron Maiden, ambazo huoanisha magitaa mawili yakaimba sambamba kama sauti mbili za kwaya. Huku chini Riley hapigi mapigo manne yaliyonyooka muda wote. Hukata mdundo, huuhamisha, huufanya ujikwae kwa makusudi, kisha huurudisha mahali pake sekunde ile ile ambayo kiitikio kinafunguka. Kasi unayoisikia ni ya kweli, lakini chini yake kuna mpangilio wa watu waliofanya mazoezi sana.

Albamu ya tatu, The Artist in the Ambulance, ilitoka Julai 2003 kupitia kampuni kubwa ya Island na ikafika nafasi ya 16 katika orodha ya albamu ya jarida la Marekani la Billboard. Mtayarishaji wake alikuwa Brian McTernan, yule yule aliyetayarisha Illusion of Safety. Ndiyo iliyowafikisha kwa watu wengi, na ndiyo ambayo wengi wanaitaja wanapoutaja mtindo huu. Mimi naipenda, ingawa nadhani ni albamu ya bendi iliyokwisha kuufahamu mtindo wake kiasi cha kuanza kuuchoka. Mwaka 2023, baada ya miaka 20, waliirekodi upya yote, na sauti ya Kensrue iliyokomaa na kukwaruza imezipa nyimbo hizo uzito ambao kijana wa mwaka 2003 hakuwa nao.

Kwa nini waliacha kupiga kwa kasi? Rafiki yangu anasema waliuza roho zao.

Rafiki yako amegeuza mambo. Bendi inayotaka fedha tu ingeirudia albamu ya mwaka 2003 mara mbili au tatu zaidi, kwa kuwa soko lilikuwa tayari. Wao walikwenda katika studio ya Bearsville, jimbo la New York, wakamwita mtayarishaji Mwingereza Steve Osborne, na Oktoba 2005 wakatoa Vheissu, albamu yenye piano, vinanda vya umeme, nafasi pana na mwendo wa taratibu. Wimbo wa kwanza unafunguliwa kwa milio ya alama za Morse inayolitaja jina la albamu herufi kwa herufi. Wimbo mwingine umejengwa juu ya nyimbo za kazi za wafungwa wa Marekani waliofungwa minyororo, na hapo bendi nzima inaacha vyombo na kuitikia kwa sauti tupu. Anayezijua hodiya zetu, zile nyimbo za kusukumia kazi nzito, atatambua papo hapo kinachotendeka: mwitikio unapanga nguvu za watu wengi ziangukie pigo moja. Kwangu mimi dakika hizo ni nzito kuliko chochote walichokipiga kwa kasi.

Nimesikia kuna albamu yao kuhusu moto, maji, hewa na udongo. Ni kweli, au ni mbinu ya kuuzia tu?

Ni kweli, na ndiyo sababu hasa iliyonifanya niiandikie bendi hii safu nzima. The Alchemy Index ina nyimbo 24 zilizogawanywa katika sehemu nne za nyimbo sita sita. Moto na Maji zilitoka Oktoba 2007, Hewa na Udongo zikafuata Aprili 2008. Walikuwa wameachana na Island na kuhamia Vagrant, na walijirekodi wenyewe, Teranishi akiwa ndiye fundi wa sauti.

Kila sehemu ina sauti yake. Moto ni magitaa mazito yaliyolegezwa nyuzi hadi yanguruma, na mayowe mengi. Maji yametandazwa kwa vinanda vya umeme na midundo ya kompyuta, na yanakwenda kwa mawimbi ya taratibu, kiasi kwamba nilipoyasikia mara ya kwanza nilikumbuka kimai, nyimbo za watu wa baharini, ingawa najua waliotunga hawakuwa na habari nazo. Hewa ina nafasi nyingi kati ya noti na noti, na ndani yake kuna wimbo unaosimulia kisa cha Kigiriki cha Ikaro kwa sauti ya baba yake, aliyemtengenezea mwanawe mabawa kisha akamwona akianguka. Udongo umeachwa na magitaa yasiyo ya umeme, piano na banjo, kama watu wanaopiga ndani ya ghala la mbao.

Jambo ambalo wasomaji wa Kiswahili wana haki ya kulifurahia kuliko wengi ni hili lifuatalo. Kila sehemu inafungwa na soneti, yaani shairi la mishororo 14, ambamo moto, maji, hewa au udongo wenyewe unazungumza na binadamu. Sheria ya soneti ya Kiingereza ni kali: kila mshororo una silabi 10, na silabi isiyotiliwa mkazo hufuatwa na yenye mkazo, jozi tano kwa mpangilio huo. Sisi katika shairi la tarbia tunahesabu mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, bila kujali sana mkazo unaangukia wapi. Wao wanapaswa kuhesabu vyote viwili. Kensrue aliandika soneti nne za namna hiyo, na mishororo miwili ya mwisho katika kila moja, ile inayobeba vina vya kufungia, huimbwa kwa mahadhi yale yale na mfuatano ule ule wa kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, ila kila mara katika ufunguo tofauti, yaani wimbo wote ukiwa umepandishwa au kushushwa. Anayezisikiliza sehemu zote nne kwa mfululizo husikia moto, maji, hewa na udongo ukimwambia binadamu neno lake la mwisho kwa wimbo mmoja.

Soneti ya udongo ina jambo jingine. Kuelekea mwisho wake maikrofoni iliwekwa ndani ya sanduku lililotengenezwa mithili ya jeneza na kufukiwa, hivyo msikilizaji anausikia muziki ukififia kana kwamba ni yeye anayefunikwa udongo. Hiyo haikuwa mbinu ya kuuzia. Ni umbo la wimbo likitenda kile ambacho maneno yanasema.

Je, hii ni bendi ya Injili?

Hapana, ingawa swali hilo lina msingi. Kensrue ni mwandishi aliyeisoma Biblia kwa makini: ana wimbo unaosimulia Petro alivyomkana Yesu, na mwingine uliojengwa juu ya mwaliko wa Mathayo sura ya 11 kwa wenye kulemewa na mizigo. Baadaye alitumikia kanisani kwa muda kama kiongozi wa nyimbo za ibada. Lakini bendi haikujitambulisha hivyo, wala haiwahubirii wasikilizaji wake. Mashairi yake huuliza zaidi ya kujibu, na kadiri miaka ilivyokwenda maswali yameongezeka.

Nasikia wana uhusiano na Afrika. Upi?

Tangu mwanzo wamekuwa na desturi ya kutenga sehemu ya mapato ya albamu zao kwa ajili ya shirika la hisani. Kwa The Alchemy Index walichagua Blood:Water Mission, shirika la Kimarekani linalosaidia jamii za Afrika katika upatikanaji wa maji safi na mapambano dhidi ya UKIMWI.

Kwa nini walisimama, na walirudi wakiwa vilevile?

Baada ya Beggars ya mwaka 2009 na Major/Minor ya mwaka 2011, walitangaza kwamba watapumzika, na mwaka 2012 wakafanya ziara ya kuaga. Walikuwa na familia, na maisha ya barabarani humla mtu. Kensrue alisisitiza wakati huo kwamba bendi haijavunjika, na wengi hawakumwamini, nami nikiwa mmoja wao. Mwaka 2015 walirejea jukwaani, na Mei 2016 wakatoa To Be Everywhere Is to Be Nowhere.

Hawakuwa vilevile. Muziki ulikuwa umetulia, besi ya Eddie ikiwa mbele zaidi, na maneno yamegeukia mambo ya dunia. Wimbo uliopigwa sana redioni kutoka albamu hiyo unamleta mtu anayeupiga mzinga tena na tena akitaka asali, asielewe kwa nini nyuki wanamuuma. Kensrue alieleza kwamba alikuwa anafikiria siasa za nje za nchi yake. Huhitaji kuwa Mmarekani kuuelewa, na yeyote aliyewahi kurina asali atauelewa haraka zaidi.

Palms ilifuata mwaka 2018, nayo ina wimbo ambao kwaya yake iliundwa kwa sauti ambazo mashabiki walijirekodi na kuzituma. Horizons/East ya mwaka 2021 waliirekodi katika studio yao wenyewe, na pacha wake, Horizons/West, akatoka Oktoba 2025.

Nianzie wapi?

Usianzie mwanzo. Anza na Vheissu, usiku, kwa spika nzuri au visikizi, bila kurukaruka kutoka wimbo hadi wimbo, kwa sababu mpangilio wake ni sehemu ya utunzi. Ikikugusa, rudi nyuma kwenye Illusion of Safety ili usikie magitaa yale mawili yakikimbizana. Halafu tafuta soneti nne za The Alchemy Index, uzisikilize peke yake zikifuatana, ukiwa umeyaweka maneno mbele yako na kalamu mkononi. Hesabu silabi za kila mshororo kama ulivyofundishwa kuhesabu mizani shuleni, kisha utakapofika kwenye ile mishororo miwili ya mwisho, weka kalamu chini.