Klika ipi inamfaa mbwa mzee?

Swali: Mwalimu, nina mbwa jike wa miaka 11 ambaye sijawahi kumfundisha kwa klika, yaani kile kifaa kidogo cha kubonyeza ambacho mlio wake humwambia mbwa kwamba amepatia na chakula kinakuja. Niliazima moja ya kisanduku kwa rafiki. Nikiibonyeza karibu naye anajikunyata na kuingia chini ya meza. Nikiwa mbali, hata sikio hatikisi. Ninunue ipi?

Jibu: Usinunue kwanza. Mpime masikio. Uzee huanza kuondoa sauti nyembamba na kali, na mlio wa klika ni wa namna hiyo hasa. Wakati huohuo mbwa wengi wazee huzidi kuwa wepesi wa kushtuka, kwa hiyo hayo mawili uliyoyaona hayapingani.

Subiri alale chini akiwa macho, ametazama kwingine. Simama nyuma yake hatua tatu, usikanyage kwa kishindo, maana atahisi mtikisiko wa sakafu ukadhani amesikia. Bonyeza mara moja, klika ikiwa mfukoni, na utazame ncha ya sikio tu. Anayesikia atalipindua kidogo kuelekea nyuma, hata kama kichwa hakigeuki. Mpe kipande cha chakula, umwache apumzike, kisha rudia ukiwa mbali zaidi, upande wa kushoto na wa kulia.

Akisikia mlio wa mfukoni bila kushtuka, chukua klika ya kitufe kilichoinuka. Mlio wake ni mpole kuliko ule wa kisanduku chenye bati ndani, na vidole vyako havitachoka. Zipo pia zenye kirekebisha sauti, nazo ni nzuri kwa mbwa ambaye usikivu wake unaendelea kupungua. Ya kisanduku ibakie ya nje kwenye kelele, na usiibonyeze karibu na kichwa chake kamwe.

Asiposikia kabisa, tafadhali usitafute yenye kelele zaidi. Tumia neno moja fupi kwa sauti nzito, kwani sauti nzito mara nyingi hudumu masikioni kuliko nyembamba; au inua kidole gumba anapokutazama. Kanuni ni ileile: ishara, kisha chakula ndani ya sekunde moja au mbili. Lakini kama usikivu umepotea ghafla, au anatikisa kichwa na sikio linanuka, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya somo lolote.

Somo la kwanza ni mlio na chakula tu, mara 10 hadi 15, bila kumwomba chochote. Vipande viwe vidogo na laini, kwa ajili ya meno yake. Baada ya hapo mfundishe kugusa kiganja chako kwa pua. Watu wengi huanza na “kaa”, na nyonga za mbwa mzee huumia kwa kuinuka na kukaa mara kwa mara. Dakika tatu zinatosha.

Wako ningemwanzia hata kesho kwa kalamu ya kubonyeza. Mlio wake ni mdogo, na utajua upesi kama anahitaji zaidi ya huo.