Android ni bure, sasa Google wanakula wapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni fundi simu hapa Mwanza, juzi kijana mmoja wa chuo kaja kubadilisha kioo akaniambia Android ni programu huria, yani mtu yeyote anaichukua bure, anaibadili anavyotaka, hata kuiuza ruksa na hamlipi mtu. Sasa Google kampuni kubwa vile, inalipa mainjinia kibao, halafu kazi yao igawiwe bure tu? Kuna kitu tunafichwa au? – Fundi, Mwanza

JIBU: Pole na kazi fundi. Kijana hajakudanganya ila kakupa nusu ya stori. Google waliinunua Android mwaka 2005 ikiwa kampuni ndogo tu, simu ya kwanza ikatoka 2008 imetengenezwa na HTC, na mpaka leo msimbo wake, yani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi mtandaoni, hata wewe ukiwa na kompyuta ya maana na bando la kutosha unaushusha.

Ila wale jamaa hawaishi kwa kuuza mfumo wa simu bana, wanaishi kwa matangazo, na tangazo linataka mtu atafute kitu Google au akae YouTube masaa mawili. Sasa fikiria kama simu zote duniani zingekuwa chini ya kampuni nyingine, ingebidi wailipe hiyo kampuni ili wapite. Na hilo sio la kufikirika, kwa Apple wanalipa kweli, kesi yao kule Marekani ilionyesha mwaka 2022 peke yake waliwapa Apple dola bilioni 20 ili kutafuta kwenye Safari, kile kivinjari cha iPhone, kuwe kwa Google. Ukiiangalia hiyo hela ndo unaona kugawa Android bure ni nafuu mno.

Chukua Tecno au Infinix mpya uifungue boksi hapo dukani kwako. Skrini ya kwanza tu kuna kile kisanduku cha kutafutia cha Google, pembeni folda lina Chrome, Gmail, Maps, YouTube. Jaribu kuifuta YouTube uone, hupewi kufuta, unapewa kuzima tu. Hizo zote sio huria, na Play Store nayo sio huria. Mtengenezaji anayeitaka Play Store anasaini mkataba na Google, na kwa miaka mingi mkataba wenyewe ulikuwa ukitaka Play Store unabeba na Chrome na sehemu ya kutafutia humohumo, huchagui. Tume ya Ulaya iliwapiga faini ya euro bilioni 4.34 mwaka 2018 kwa mchezo huo, mahakama ikaja kupunguza kidogo 2022. Na humo ndani ya Play Store, apu ikiuza kitu cha kidijitali Google wanakata chao, kwa miaka mingi ilikuwa asilimia 15 mpaka 30.

SWALI: Je Huawei walikosa nini mpaka simu zao mpya hazina Play Store, si walikuwa na Android hiyohiyo? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Android walibaki nayo, hiyo hakuna wa kuwanyang'anya. Mei 2019 serikali ya Marekani iliwaweka kwenye orodha ya makampuni yasiyouziwa teknolojia bila kibali, basi Google wakashindwa kuwapa zile apu zao zisizo huria, na Mate 30 ikatoka mwaka huohuo haina Play Store. Tena tatizo sio duka peke yake, apu nyingi zinaitegemea Google Play Services, programu ya Google inayofanya kazi chinichini kwenye simu, kwa ramani na kwa zile taarifa zinazoingia simu ikiwa mfukoni, kwahiyo hata ukiipata apu pengine na kuiweka unakuta inafunguka halafu ramani tupu, au meseji huzioni mpaka uifungue mwenyewe. Kwenye Android ya bure hiyo Play Services haimo kabisa.

SWALI: Mimi na mwenzangu tumetengeneza programu ya maduka ya dawa, tukiiachia huria tutakula nini? – Dodoma

JIBU: Mnaweza kula kwa huduma: kufunga, kufundisha wauzaji, kupokea simu saa nne usiku mauzo yakigoma kufungwa. Kampuni ya Red Hat walikula hivyo na Linux, mfumo huria wa kompyuta, mpaka IBM wakawanunua 2019 kwa dola bilioni 34. Ila leseni, yani masharti ya kuitumia, msiichague kwa kubahatisha, waulizeni wa Elasticsearch, programu ya kutafutia vitu ndani ya data iliyokuwa huria, Amazon waliichukua kihalali kabisa wakawa wanaiuza kama huduma kwenye seva zao, wenyewe wakachoka wakabadili leseni 2021, Amazon wakalibeba toleo la nyuma wakaliita OpenSearch na biashara ikaendelea. Nyie bado hamjafikia kuogopa Amazon, muogopeni mwenye duka la kompyuta mtaa wa pili, huyo ataichukua kesho na kuifunga kwa bei ya chini yenu. Kwahiyo pateni kwanza maduka yanayowalipa kila mwezi, ya kuiachia mtajua baadae.