Fundi viatu kuwa jaji, nimepigwa kamba?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi ni fundi viatu hapa Soko la Mwanga, Kigoma. Juzi mteja kakaa kwenye benchi anasubiri soli yake ikauke gundi, akaanza stori eti kuna fundi viatu wa Marekani enzi hizo aliishia kuwa jaji na seneta na chuo hajakanyaga. Jamaa wa hapa kibandani wamecheka mpaka basi. Ni kweli? Na mi nikitaka leo naweza?
Fundi, Mwanga

JIBU: Fundi, hao jamaa zako ndo wa kuchekwa. Huyo ni Roger Sherman, alizaliwa 1721 Massachusetts, baba yake naye alikuwa anashona viatu. Ila hakuruka toka kwenye nyundo mpaka kwenye ujaji, hapo mteja wako kakata kona. Alihamia Connecticut, na 1745 akapewa kazi ya kupima ardhi maana hesabu alikuwa anajisomea mwenyewe, sasa we unajua mambo ya mipaka ya mashamba, ukishapima tu kesi zinakufuata. Inasimuliwa kwamba jirani alimtuma kwa wakili, wakili akaangalia maelezo aliyoandika Sherman akamwambia hii kazi mbona unaiweza mwenyewe. Alisoma sheria kivyake, 1754 akaruhusiwa kuwa wakili, na 1766 akawa jaji wa mahakama kuu ya Connecticut.

Kikubwa zaidi ni 1787 kule Philadelphia, kwenye mkutano wa kuandika katiba ya Marekani. Majimbo makubwa yanataka wabunge kwa idadi ya watu, madogo yanataka sawa kwa sawa, mkutano unakaribia kuvunjika, Sherman na wenzake wa Connecticut wakang'ang'ania wazo la bunge lenye nyumba mbili, moja wahesabu watu, nyingine kila jimbo kura sawa. Likapita kwa 5 kwa 4, pembamba kweli. Useneta wenyewe aliupata 1791, akafa nao 1793.

Kuhusu wewe, hapo pagumu kidogo. Siku hizi kujisomea nyumbani hakutoshi, lazima digrii ya sheria alafu Shule ya Sheria kule Dar ndo uapishwe uwakili. Umri usikutishe, Sherman alipata ruhusa yake akiwa na miaka 32. Ila hujatuambia umeishia kidato cha ngapi, tuandikie tena tujue uanzie wapi.