Kabla ya kununua rangi, fuata maji

Ikikaribia Krismasi, maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Arusha hujaa watu wanaotafuta rangi. Ndugu wanakuja kutoka Dar, watalala kwetu, kwa hiyo sebule lazima ing'ae. Rangi inapakwa, sikukuu inapita, masika inaingia, na ikifika Mei ukuta ulio chini ya dirisha umeshaota malengelenge. Mwaka unaofuata linanunuliwa kopo jingine.

Naishi Ilboru, kwenye nyumba ya bloku na bati aliyotuachia mama, na matengenezo yake yanatoka kwenye mfuko wangu. Nimeshika kanuni moja: pesa ya kwanza iende kwenye maji. Maji yanayotoka juu ya paa, yanayopanda kutoka ardhini, na yanayovuja kwenye mabomba. Methali ya ufa na ukuta sote tunaijua, lakini ukiziba ufa huku maji bado yanapita nyuma yake, umepamba tu.

Wakati ni nusu ya kazi. Huku kwetu mvua kubwa za masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na vuli huja Novemba na Desemba. Ukimwita fundi wa bati Aprili, utampata akiwa juu ya paa la mtu mwingine, na bei yake utaijua. Januari na Februari, jua likiwa kali na vumbi limetanda, ndio wakati wa kupanda ngazi. Rudia tena Oktoba mwishoni au mara tu vuli inapotaka kuanza, kwa sababu mijakaranda humwaga maua yake kipindi hicho hicho. Picha zake ni nzuri kweli, ila maua hayo yakichanganyika na vumbi na majani ya mgrevilea ndani ya gata, ule mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa, yanafanya tope zito linaloziba mdomo wa bomba. Gata ikijaa, maji humwagikia nyuma, yanalowesha fishabodi, ule ubao wa ukingo wa paa, kisha yanaingia kwenye dari.

Kusafisha gata hakuhitaji fundi. Ngazi imara, mtu wa kuishikilia chini, mwiko wa zamani na ndoo yenye ndoano. Ukimaliza, mwaga maji upande wa mbali na bomba la kushukia uone yanavyokwenda. Yakituama katikati, mteremko umepotea, na mara nyingi ni kishikizo kimoja tu kilicholegea. Mteremko wa sentimita moja kwa kila mita mbili unatosha. Kama huna pima maji, tumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani ambao mafundi huujaza maji: maji ya ncha zote mbili hukaa usawa mmoja, hayana upendeleo.

Bati lenyewe mara nyingi huvujia kwenye misumari. Mchana linatanuka kwa joto, usiku baridi ya Meru inalisinyaza, na taratibu msumari unainuka na ule mpira wake unakauka na kupasuka. Panda darini mchana wa jua kali, zima taa, na tafuta vitobo vya mwanga. Usitegemee doa lililo kwenye silingibodi likuonyeshe mahali, kwa sababu tone likiingia juu linaweza kutembea na papi, zile mbao ambazo bati limepigiliwa, hatua kadhaa kabla ya kudondoka. Ukipata kitobo, ingiza kijiti au waya mwembamba ili ukione ukiwa juu. Msumari uliolegea ung'olewe na uwekwe mpya wenye mpira mzima, mnene kidogo kuliko wa zamani, na upigwe kwenye mgongo wa bati kamwe si kwenye bonde maji yanakopita. Kitobo kidogo cha kutu kizibwe kwa silikoni ya nje au gundi ya lami baada ya kupiga brashi na kufuta vumbi. Ukipaka juu ya vumbi, itabanduka yote. Ukitembea juu ya bati, kanyaga kwenye mstari wa misumari, maana hapo ndipo penye papi chini. Na kama paa lako ni lile la zamani la asbesto, usilikwangue, usilikate, usilipige brashi. Vumbi lake ni hatari kwa mapafu, hiyo kazi si ya kuokoa pesa.

Gata ikikaa sawa, kuna faida nyingine ambayo kwa sisi wa Arusha ni kubwa kuliko ukuta mkavu. Maji mengi ya chemchemi na visima kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na vipo vyanzo vya huku vinavyopita hapo kwa mbali. Ndiyo sababu utaona meno ya kahawia kwa watu waliokulia huku hata kama wanapiga mswaki kutwa mara tatu. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Kwa kuwa sehemu ya maji inaondoka kama mvuke, inayobaki inazidi kukolea. Maji ya mvua yana floraidi ndogo sana. Kwa hiyo nyumba yenye watoto ambao meno yao ya ukubwani bado yanaumbika, yaani tangu uchanga hadi karibu miaka minane, ningeanza na tangi la mvua kabla ya kufikiria vigae.

Hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 5 likipata mvua ya milimita 10 linakupa lita 400, yaani ndoo kubwa 20, ukitoa kidogo kinachorukia nje. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, imebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi liwe na mfuniko na wavu kwenye mdomo wa kuingizia, vinginevyo unafuga mbu. Na maji hayo ya kunywa uyachemshe au uyatie dawa kama kawaida, kwa sababu usafi wa floraidi si usafi wa vijidudu. Ya kufulia, kudekia na kumwagilia, endelea na ya bomba.

Sasa chini. Fundi mmoja aliwahi kusimama mbele ya ukuta wangu wa chumbani uliokuwa ukimeguka karibu na sakafu, akasema, "Dada, hapa tunakwangua, tunapiga skimu, tunapaka. Siku mbili tu."

"Na maji yanatoka wapi, kaka?"

"Aa, huo ni unyevu tu wa Arusha."

Unyevu wa Arusha! Nilimwomba tuzunguke nje. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na bustani ya maua, na udongo wake, kwa kuongezwa samadi mwaka hadi mwaka, ulikuwa umepanda juu ya usawa wa sakafu ya ndani. Kila maua yaliponyweshwa, ukuta nao ulikunywa. Dawa yake ilikuwa jembe na toroli: kushusha udongo hadi chini ya sakafu, angalau kiganja kimoja, na kuacha ukanda wa kokoto kati ya ukuta na maua ili matone yasirushe tope. Kazi hiyo anaifanya kijana yeyote wa mtaani kwa nusu siku. Ukimaliza, mwaga maji chini uone kama yanakimbia ukuta au yanaufuata.

Nyufa nazo zina lugha yake. Ule mwembamba kama unywele kwenye plasta hauna neno. Ule unaopanda ngazi kwa ngazi kwenye viungo vya bloku, au unaoanzia kona ya dirisha, chora mistari ya penseli kwenye ncha zake, pima upana wake na uandike tarehe. Baada ya masika angalia tena. Kama umepita mistari au umepanuka, usinunue saruji, tafuta fundi anayejua misingi.

Kwenye mabomba ndipo pesa huondoka kimyakimya. Kabla ya kulalamikia bili, funga koki zote usiku, soma mita, usiguse maji hadi asubuhi, usome tena. Ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja. Mshukiwa wa kwanza ni choo. Weka rangi ya chakula, ile ya keki, kwenye tangi la flashi na usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini haufungi. Mara nyingine ni uchafu tu, ufute na ujaribu tena. Kama maji yanaingia kwenye bomba la kumwagia ziada, shusha boya.

Koki inayodondosha ni kazi ya robo saa. Funga koki kuu, fungua ile mbovu maji yaishe, fungua kichwa kwa spana ukiwa umezungushia kitambaa kisichubuke, toa washa ya zamani, ule mpira mdogo wa ndani unaozuia maji, na uende nayo dukani. Usikisie saizi. Wapo wanaokata washa kwenye kandambili. Inasaidia usiku ule wa Jumapili maduka yakiwa yamefungwa, lakini ni laini mno, inaliwa haraka, na washa halisi haizidi bei ya chai na chapati. Ukirudishia bomba lenye nyuzi, zungusha tepu nyeupe kufuata mwelekeo wa kukazia, la sivyo itajikunjua unapokaza. Koki za kisasa za kuinua mkono mmoja hazina washa ya namna hii, zina katriji, na hiyo unabadilisha nzima.

Milango sitaisemea sana. Mlango ukigoma kufunga Aprili, usiukimbilie na randa, kwa sababu Agosti utakauka na kuacha mwanya wa panya kupita. Sugua mshumaa au sabuni kavu pembeni usubiri kiangazi. Skrubu ya bawaba isiyoshika, jaza tundu kwa njiti za kiberiti na gundi ya mbao, ikauke, kisha ukaze. Kitasa kigumu kinataka unga wa penseli, si mafuta ya kupikia, ambayo yananasa vumbi letu.

Umeme ndio mpaka wangu. Kubadilisha balbu, sawa. Soketi inayopata joto, swichi inayotoa cheche, au hita ya kuogea inayokupiga shoti hata kidogo: zima kwenye swichi kuu na umwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kuokoa umeme ni jambo lingine, hilo unaliweza mwenyewe. Hita ya kilowati 4.5 ikitumika dakika kumi inakula robo tatu ya uniti, na Julai ya Arusha kila mtu anataka dakika ishirini.

Julai hiyo hiyo ndiyo inaleta kuvu nyuma ya makabati. Sogeza kabati mbali na ukuta upana wa kiganja, fungua madirisha mchana, na futa kuvu kwa maji yenye dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Vaa glavu, na usichanganye kamwe dawa hiyo na ile ya kusafishia choo. Hewa inayotoka inaunguza koo na mapafu.

Baada ya yote hayo ndipo tuizungumzie rangi. Bandika kipande cha nailoni safi ukutani, ukubwa wa karatasi ya daftari, ukizibe kingo zote kwa selotepu, na ukiache siku moja hadi mbili. Ukikuta umande upande uliogusa ukuta, maji bado yanatoka ndani, rudi nje ukatafute. Ukikuta umande upande wa chumbani, ni pumzi na mvuke wa jikoni, fungua madirisha. Nailoni ikitoka kavu pande zote, kwangua yaliyobanduka, piga msasa, paka praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia, na uandike namba ya rangi nyuma ya mlango wa stoo kabla kopo halijatupwa.