Kwa mnaoanza semina ya nasaba za kifalme

Nimetoka kusikiliza mawasilisho ya mwaka wa kwanza, na mlima Kilimanjaro umetolewa zawadi tena. Eti Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm wa Ujerumani, maana maskini hakuwa na mlima wenye theluji. Wadogo zangu! Mpaka uliouacha mlima ule upande wa Wajerumani ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886. Kaiser, yaani mfalme mkuu wa Ujerumani, wakati huo alikuwa babu mzaa baba wa Wilhelm, na kijana mwenyewe hakukalia kiti mpaka 1888. Kwa hiyo nayaandika haya ili mwakani nisikie makosa mapya angalau.

1. Fuateni akina mama. Hapa ndipo nilipoaibika. Nilikuwa na wasilisho kuhusu vita vya 1914, nikachora shajara ya ukoo kwenye manila kwa kalamu za rangi tatu: juu Victoria, chini yake wajukuu watatu, Wilhelm II wa Ujerumani, George V wa Uingereza na Nicholas II wa Urusi. Hoja yangu yote ilining'inia hapo: bibi mmoja, wajukuu watatu, na tofauti ya dini, yaani Uluteri, Uanglikana na Uorthodoksi, ndiyo iliyowatenganisha. Nilisema kwa mbwembwe. Mwalimu akaniacha nimalize, kisha akauliza kwa upole: “Mama yake Nicholas ni nani?” Nikajibu bila kusita: “Alexandra.” Darasa likaangua kicheko. Nilikuwa nimemwozesha mtu mama yake.

Mama yake ni Dagmar, binti wa Christian IX wa Denmark, aliyeolewa Urusi akaitwa Maria Feodorovna. Dada yake Dagmar, Alexandra, ndiye aliyemzaa George V. Basi George na Nicholas ni watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, na ndiyo sababu katika picha wanafanana kama pacha. Victoria hakuwa bibi yake Nicholas. Alikuwa bibi wa mke wake, Alix wa Hesse, ambaye Urusi aliitwa Alexandra, na ndiye niliyemtaja kuwa mama. Wilhelm naye kwa George ni mtoto wa shangazi. Kilichoniuma zaidi ya kicheko ni kwamba hoja nzima ilianguka pamoja na mstari ule mmoja. Mwaka 1864 Prussia, ufalme wa ukoo wa akina Wilhelm, na Austria waliipiga Denmark na kuinyang'anya Schleswig na Holstein, na mabinti wale wawili hawakuwasamehe Waprussia maisha yao yote. Chuki hiyo ilikaa mezani London na St. Petersburg, na haikuhusu dini hata kidogo. Mimi sikuiona, kwa sababu shajara yangu ilikuwa na wanaume watupu na bibi mmoja.

2. Kwenye kila ndoa andikeni nani alibadili dini, lini, na nani alimtaka abadili. Mtu akiniandikia “waliolewa wakabadili dini”, namrudishia karatasi. Mchukueni huyo huyo Wilhelm. Dada yake Sophie aliolewa na mrithi wa Ugiriki, na mwaka 1890 alipotangaza kwamba anaingia Uorthodoksi, kaka mtu akawaka, akampiga marufuku kukanyaga Ujerumani. Mwaka 1894 huko Coburg, Alix akisitasita kuuacha Uluteri kwa ajili ya Nicholas, nani alimhimiza akubali? Wilhelm. Ella, dada yake Alix, alikuwa ameolewa Urusi tangu 1884, lakini mumewe hakuwa mrithi wa kiti, kwa hiyo akabaki Mluteri mpaka 1891 alipobadili kwa hiari yake. Nyumba moja, mambo matatu tofauti.

3. Urusi ilitumia kalenda ya kale, ya Julian, ambayo tarehe zake zilikuwa nyuma ya zetu, hadi 1918. Tajeni mnatumia ipi.

4. Kuna Maria Feodorovna wawili. Angalieni mume.

5. Someni sheria yenyewe. Ile ya Uingereza ya 1701 kuhusu urithi wa kiti (Act of Settlement) ilimnyima kiti aliyeoa au kuolewa na Mkatoliki, na kizuizi hicho cha ndoa kiliondolewa 2015 tu. Aliyeoana na Mworthodoksi haikumgusa. Ena wa Battenberg, mjukuu mwingine wa Victoria, aliingia Ukatoliki mwaka 1906 ili aolewe na Alfonso XIII wa Hispania. Harusini wakatupiwa bomu. (Wakapona. Kila mwaka kuna anayewaua.)

6. Mapatano ya Augsburg ya 1555, kwamba dini ya mtawala ndiyo dini ya nchi yake, si jibu la kila swali. Augustus wa Saxony aliingia Ukatoliki mwaka 1697 apate kiti cha Poland. Raia wake wakabaki Waluteri, na mkewe pia. Huyo mama hakukanyaga Poland mpaka anakufa.

7. Nimebakisha mada moja, Bulgaria, na ndiyo tamu kuliko zote. Ferdinand, mtawala wa huko, alikuwa Mkatoliki. Mwaka 1896 akamwingiza mwanawe Boris katika Uorthodoksi ili Urusi imtambue. Nicholas II akawa baba wa ubatizo, na Papa Leo XIII akamtenga Ferdinand na Kanisa. Boris alipokua akamwoa Giovanna wa Italia, Mkatoliki: ndoa ya Kikatoliki Assisi mwaka 1930, kisha ibada ya Kiorthodoksi Sofia. Roma ikakasirika upya. Watoto wao wakabatizwa Waorthodoksi. Anayeitaka mada hii aniletee kwanza jina la mama yake Ferdinand na ukoo aliotoka.