Waifai ya Nyumbani Ikizorota, Anza na Waya

Watu wengi wakiona video inakwamakwama huzima ruta na kuiwasha tena, na hilo lisiposaidia huanza kufikiria kununua ruta mpya au kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Kwa kuwa ndugu na majirani wamezoea kuniita mambo haya yanapoharibika, nimejiwekea kanuni moja: sigusi mpangilio wowote kabla ya kujua kama tatizo liko kwenye laini inayoingia nyumbani au kwenye mawimbi yanayotoka kwenye ruta. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na fedha nyingi hupotea kwa kurekebisha lile ambalo halipo.

Yanatenganishwa kwa waya. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya wa ethaneti, zima waifai ya kompyuta hiyo, ondoa vifaa vingine kwenye mtandao kwa muda, kisha pima kasi. Ukipata takriban kile unacholipia, laini ni nzima na kosa liko hewani. Soma vipimo kwa makini, kwani watoa huduma hutangaza megabiti kwa sekunde ilhali programu nyingi za kupakua mafaili huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Laini ya megabiti 40 inayopakua megabaiti 5 kwa sekunde haina ubaya wowote. Kipimo kikigota kwenye megabiti 94 hivi wakati unalipia 200, usimpigie simu mtoa huduma bado. Ruta nyingi za bei nafuu zina matundu yasiyozidi megabiti 100, na hata tundu la megabiti 1,000 mara nyingi hushuka hadi 100 pale uzi mmojawapo ndani ya waya unapokatika. Nimewahi kuvuta waya wa namna hiyo kutoka nyuma ya meza: kwa macho ulikuwa mzima, ila kile kilimi cha plastiki kinachoshikilia plagi kilikuwa kimevunjika, na kila meza iliposukumwa plagi ililegea na taa ndogo ya kando ya tundu ikazimika na kuwaka tena.

Laini ikiwa nzima, geukia mahali ruta ilipowekwa. Nyumba nyingi huificha nyuma ya televisheni au ndani ya kabati kwa sababu haipendezi machoni, na hakuna sababu ya uzorotaji ninayokutana nayo mara nyingi kuliko hiyo. Chuma, zege, vioo vikubwa vya kujitazama na maji hudhoofisha mawimbi au huyarudisha yalikotoka. Iweke juu, mahali pa wazi, karibu na katikati ya nyumba, na uipe nafasi mbali na maikrowevu, ambayo hufanya kazi kwenye masafa yaleyale ya karibu gigahezi 2.4.

Masafa yenyewe yanahitaji uamuzi. Bendi ya gigahezi 5 ina kasi kubwa zaidi lakini huchoka upesi inapopita kwenye kuta. Ile ya 2.4 hufika mbali, ila imejaa waifai za majirani. Mimi huziweka simu na kompyuta kwenye 5, na vifaa vidogo kama kamera na balbu kwenye 2.4. Katika bendi hii ya pili chagua chaneli (njia ndogo ndani ya bendi) ya 1, 6 au 11, kwa kuwa hizo haziingiliani, na upana wa chaneli uwe megahezi 20. Ukiona majirani wamezijaza zote tatu, usijifiche kwenye chaneli ya 3 ukidhani umepata upenyo: ruta zilizo kwenye chaneli ileile husikiana na kupeana zamu, lakini iliyo katikati huwa kelele kwa pande zote mbili. Ukiwa humo kwenye mipangilio ya ruta, hakikisha aina ya usalama wa nywila ya waifai ni WPA2 au WPA3, kwa sababu usimbaji wa zamani uitwao TKIP huvibana vifaa vya kisasa visivuke megabiti 54.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kifaa kimoja kilicho mbali kinaweza kuwachelewesha wote. Mawimbi ni bomba moja la maji lenye foleni: mwenye mdomo mwembamba wa dumu hujaza polepole, na walio nyuma yake hungoja hata kama ndoo zao ni pana. Kamera ya getini inayoshika mawimbi kwa shida na kutuma picha mchana kutwa ni mfano mzuri. Ichomoe kwa dakika chache, upime tena ukiwa sebuleni.

Kuna pia uzito unaotokana na kupakia. Simu inapotuma picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, njia ya kutoka hujaa, na kurasa huchelewa kufunguka hata kama kasi ya kupakua ni nzuri. Hifadhi hiyo ipangiwe saa za usiku, au, ruta ikiruhusu, upakiaji uwekewe kikomo kilicho chini kidogo ya uwezo wa laini.

Kuhusu ripita, yaani kifaa kinachopokea mawimbi ya ruta na kuyatuma mbele zaidi, ushauri wangu ni kuichelewesha. Zile zenye redio moja hupokea na kutuma kwa zamu, hivyo kasi hupungua kwa takriban nusu. Panapowezekana, vuta waya hadi upande wa pili wa nyumba na uweke hapo ruta ya pili iliyopangwa kama kituo cha waifai tu. Pasipowezekana, usiichomeke ripita katika chumba kisichopata mawimbi, kwa sababu haitakuwa na cha kurudia. Tembea na simu yenye programu ya kuonyesha nguvu ya mawimbi, uichomeke mahali ambapo kipimo bado kiko juu ya desibeli hasi 65 (yaani karibu zaidi na sifuri), kabla hakijaporomoka kuelekea hasi 75.